Kwa nini maji ya mwarobaini hufanya kazi shamba moja na kushindwa shamba la jirani

Shangazi yangu ana bustani huko Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga. Analima mchicha, bamia na sukuma wiki kwenye kipande ambacho jembe likizama kidogo tu linagonga jiwe la chokaa. Vuli iliyopita viwavi waliishambulia sukuma wiki yake mpaka majani yakabaki mishipa mitupu. Nilimshauri kwa simu apulizie maji ya mwarobaini. Siku mbili baadaye akanipigia yeye.

"Mwanangu, hiyo dawa yenu ni maji ya kuogea. Nimepiga jana, leo nimewakuta wanakula kama hawajaambiwa kitu."

Lilinikaa rohoni, kwa sababu mimi natumia mwarobaini kwenye bustani yangu ya Muheza kwa miaka minne sasa, na viwavi wa aina ile ile wamenipungukia. Mti ule ule, mdudu yule yule. Jumamosi nikapanda daladala hadi Pongwe, nikamwamkia, nikamwomba anisimulie alivyofanya tangu mwanzo hadi mwisho, nami sikumkatiza.

Alichuma majani kikapu kizima. Akayachemsha kwenye sufuria karibu saa nzima, mpaka maji yakawa meusi kama chai ya mkandaa. Akatia bakuli la majivu. Maji ya kuongezea akayateka kisimani. Saa tano asubuhi, jua likiwa limeshachoma, akabeba bomba mgongoni na kupulizia. Kesho yake alfajiri akaenda kuangalia waliokufa, hakumkuta hata mmoja.

Hakuna hatua hata moja hapo iliyokuwa ya kijinga. Majani ya mwarobaini ndiyo tuliyochemshiwa kwa homa tangu utotoni. Majivu ndiyo tunayochanganya na mahindi ya mbegu ili yasitobolewe. Kisima ndiyo maji yaliyopo, na asubuhi ndiyo saa ya kazi ya shamba. Tatizo ni kwamba kila hatua, moja baada ya nyingine, ilikuwa inaiua dawa kabla haijamfikia kiwavi. Ili kuona ilivyokufa, inabidi tuingie ndani ya mti kidogo.

Nzige walioukataa mti

Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, alikuwa Sudan wakati nzige walipovamia. Walikula kila kilichokuwa kijani, isipokuwa miarobaini. Miti ile ilibaki na majani yake katikati ya ardhi iliyovuliwa nguo. Watu wa India walijua siku nyingi kwamba mwarobaini unalinda nafaka na nguo. Jambo jipya lilikuwa mwanasayansi kuliona kwa macho yake na kuamua kufuatilia.

Mwaka 1968 wanakemia wawili nchini Uingereza, Butterworth na Morgan, walitenga kutoka kwenye mbegu za mwarobaini kitu kinachowafanya nzige wakatae kula. Kikaitwa azadiraktini, kutokana na jina la kisayansi la mti wenyewe, Azadirachta indica. Umbo lake kamili lilieleweka mwaka 1985 tu. Na timu ya Steven Ley ya Chuo Kikuu cha Cambridge ilipofanikiwa kukijenga maabara tangu sifuri, mwaka 2007, ilikuwa imeshatumia miaka 22.

Miaka 22 kujenga kitu ambacho mti wa uani unakitengeneza kila msimu bila kumwomba mtu ruhusa. Nalieleza hili kwa sababu ndimo ulimo ufunguo wa kosa la shangazi. Azadiraktini ni molekuli kubwa, iliyojaa viungo vilivyosukwa kwa namna ngumu, na viungo hivyo ni dhaifu. Joto huvivunja. Jua huvivunja. Maji yenye magadi huvivunja. Anayeichukulia kama chumvi, kitu unachoweza kukichemsha na kukianika na bado kikabaki chumvi, ataishia na maji machungu yasiyo na kazi.

Sasa, ikimfikia mdudu ikiwa nzima, inafanya nini? Kwanza inamkatisha hamu ya kula. Mdomoni mwa kiwavi kuna vinyweleo vya kuonjea, na azadiraktini inavigusa kwa namna inayomwambia hiki si chakula. Nzige wa jangwani ni wepesi sana kuisikia. Ndiyo maana waliuacha mti wote. Viwavi wengine si wepesi hivyo, nao huendelea kudonoa kidogo kidogo.

Wanaodonoa ndio wanaoingia kwenye mtego wa pili, ambao kwangu mimi ndio wa ajabu zaidi. Ngozi ya kiwavi haitanuki kama yetu. Akitaka kukua lazima aivue na kuvaa nyingine, na anafanya hivyo mara kadhaa kabla ya kuwa nondo. Saa ya kuvua inaamriwa na homoni iitwayo ekidisoni. Azadiraktini inavuruga utoaji wa homoni hiyo, hivyo amri haifiki kwa wakati au inafika nusu.

Niliwahi kulitazama hili kwa karibu. Nilichukua chupa mbili za jemu, nikazifunika kwa vipande vya chandarua kikuukuu, nikaweka viwavi sita kila chupa. Upande mmoja niliwapa majani ya sukuma wiki yaliyochovywa kwenye maji ya mbegu za mwarobaini, upande wa pili majani yaliyochovywa kwenye maji matupu. Siku ya kwanza tofauti ilikuwa ndogo. Siku ya tatu chupa ya maji matupu ilikuwa imejaa vinyesi vyeusi kama punje za baruti na majani yameisha. Ya mwarobaini ilikuwa na vinyesi vichache, na majani yametobolewa vitundu vidogo tu. Siku ya tano nilimwona mmoja ambaye sitamsahau. Ngozi ya zamani ilikuwa imepasuka mgongoni, lakini haikutoka. Ganda la kichwa cha zamani lilikuwa limemkaa usoni kama kofia iliyobana, na nyuma yake kichwa kipya, cheupe, kimeshindwa kupenya. Alikuwa bado anatikisa miguu. Hakuwa na njia ya kula tena.

Lipo na jambo la tatu: wadudu waliokula dawa hii wakiwa wadogo, wakifanikiwa kukua, mara nyingi hutaga mayai machache. Hilo hulioni leo wala wiki ijayo, ila uzao unaofuata unakuja umepungua.

Kwa hiyo shangazi alikuwa anatafuta maiti mahali ambapo dawa haikuahidi maiti. Dawa nyingi za dukani zinapiga mishipa ya fahamu. Mdudu anaanguka ndani ya dakika au saa. Mwarobaini unafunga mdomo ndani ya siku moja hivi, kisha unasubiri zamu ya kuvua ngozi, na hiyo inaweza kuwa baada ya siku tatu, tano, hata wiki. Kinachohesabiwa asubuhi ya kesho ni matundu mapya kwenye majani. Kama matundu hayaongezeki, dawa inafanya kazi hata kama kiwavi yupo pale pale amekaa anakutazama. Na kwa sababu hiyo hiyo, dawa hii inawapata vizuri viwavi wadogo, ambao bado watavua ngozi mara nyingi mbele yao. Kiwavi mnene aliyekaribia kugeuka nondo ameshamaliza safari, utampulizia bure.

Kurudi kwenye sufuria ya shangazi

Tuanze na majani. Azadiraktini imo kwenye majani, lakini kidogo. Ghala lake ni kiini cha mbegu, kile cheupe kilicho ndani ya ganda gumu, ambamo kwa kawaida kuna kati ya gramu 2 na 6 kwa kilo moja, kutegemea mti, mahali na jinsi mbegu zilivyokaushwa. Ukitumia majani unahitaji mzigo mkubwa zaidi na bado nguvu inakuwa ndogo. Sisemi majani hayafai kabisa. Nasema ni kama kukamua nazi kwenye kumbi ilhali nyama yake ipo.

Kuchemsha ni kosa la pili, nalo ndilo limeenea kuliko yote hapa kwetu, kwa sababu tumezoea dawa ya mti ni ya kuchemsha. Kwa wadudu, mwarobaini unalowekwa kwenye maji baridi usiku kucha. Basi.

La tatu ndilo lililonichukua muda kulielewa, na sijaliona likielezwa sana, kwa hiyo nivumilie. Azadiraktini inapenda maji yaliyo na uchachu kidogo. Kwenye maji yenye magadi inavunjika haraka. Majivu yakilowekwa hutoa magadi makali. Ndiyo yale yale waliyotumia wazee kutengenezea sabuni. Kuchanganya majivu na mwarobaini kwenye ndoo moja ni kuweka dawa mbili nzuri zipigane. Majivu makavu yana kazi yake ghalani na juu ya majani, lakini kila moja iende kivyake.

Na maji ya kisima? Ukanda huu wa Tanga umekaa juu ya chokaa. Mapango ya Amboni yalichongwa na maji ndani ya jiwe hilo, na kiwanda cha saruji kipo Pongwe kwa sababu hiyo hiyo. Maji yanayopita humo hutoka yakiwa magumu: sabuni ya mche haitoi povu, inaganda utando mweupe, na birika linafanya ukoko. Maji hayo yameegemea upande wa magadi. Si makali kama majivu, lakini ukiloweka dawa humo usiku kucha na kuiacha siku mbili tatu, unaipunguzia nguvu. Mimi natumia maji ya mvua yaliyokingwa kwenye pipa. Kama hayapo, nakamulia ndimu moja au mbili kwenye ndoo ya lita 20 kabla ya kuloweka. Ni jambo dogo, na ndimu Tanga si haba.

La nne ni jua. Dawa iliyopulizwa saa tano asubuhi inakabiliwa na saa saba za jua kali kabla ya giza. Mwanga wa jua ndio adui mkubwa wa azadiraktini juu ya jani. Ndani ya siku chache nguvu inakuwa imekwisha hata ukipulizia vizuri. Ukipulizia saa kumi na moja jioni unaipa usiku mzima, wakati ambao viwavi wengi wanakula, na nyuki wameshalala.

Udhaifu huo wa jua ndio unaofanya wengine waidharau dawa ya mimea. Mimi nauona ni deni na faida kwa pamoja. Deni, kwa sababu inabidi urudie kila baada ya siku tano hadi saba, na ukinyeshewa usiku huo huo unaanza upya. Faida, kwa sababu mchicha unaouza sokoni Ngamiani haukai na dawa juu yake kwa wiki nzima.

Hivi ndivyo ninavyoitengeneza. Matunda yakiiva na kuwa manjano, popo na ndege wanakula nyama yake na kudondosha mbegu. Naziokota chini ya mti, naosha utelezi, naanika kivulini kwa siku kadhaa mpaka zikitikiswa zinagonga. Hapo usifanye haraka, maana mbegu iliyokaushwa vibaya inaota kuvu, na mbegu yenye ukungu haifai kushikwa kwa mikono wala kuingia shambani. Zikaushwe vizuri na zikae kwenye gunia au kikapu, pahali penye hewa, kamwe si kwenye mfuko wa nailoni. Zitumike ndani ya mwaka.

Siku moja kabla ya kupulizia natwanga kwenye kinu kilichotengwa kwa kazi hiyo, napepeta maganda. Kipimo kinachotumika sana duniani ni gramu 50 za unga wa viini kwa kila lita ya maji. Bomba la lita 15 linataka gramu 750. Pima kwa mizani angalau mara ya kwanza, kisha uchague kopo lako na ulitie alama. Maneno "konzi mbili" na "kiasi" ndiyo yanayofanya jirani mmoja afaulu na mwingine ashindwe, kwa sababu konzi ya shangazi si konzi yangu. Naloweka jioni, nachuja kesho yake jioni kwa kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili ili bomba lisizibe, natia vijiko vitatu vya chai vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa bomba zima. Sabuni inafanya dawa itandae kwenye jani badala ya kuteleza, hasa kwenye sukuma wiki na kabichi ambazo zina nta. Ukizidisha sabuni majani yanaungua, kwa hiyo jaribu kwanza kwenye mashina mawili matatu na usubiri siku moja. Pulizia chini ya jani, huko ndiko wanakoishi vidukari na inzi weupe na ndiko mayai yanakotagwa. Dawa iliyobaki haiwekwi kwa ajili ya wiki ijayo.

Kila mmea na silaha yake

Ukipanda kutoka Mombo kwenda Lushoto unaiona miarobaini ikipungua njiani. Mti huu hautaki baridi. Wakulima wa kabichi na nyanya wa Usambara, ambao wangeuhitaji kuliko wengi, hawana mbegu zake karibu. Wao wana mmea mwingine: utupa.

Utupa, Tephrosia vogelii kwa jina la kisayansi, ni kichaka chenye maua meupe au ya zambarau na maganda yenye manyoya. Wazee wanaujua kwa kazi ya mtoni. Majani yaliyopondwa na kutiwa majini huwafanya samaki waelee. Sumu hiyo ni rotenoni na ndugu zake. Ndani ya seli za mdudu kuna vinu vidogo vinavyogeuza chakula kuwa nguvu, viitwavyo mitokondria. Rotenoni inazuia vinu hivyo, mdudu anaishiwa pumzi ndani kwa ndani. Kazi yake ni tofauti kabisa na ya mwarobaini, na inawaua kweli vidukari, viwavi, na fukusi wa maharage ghalani.

Lakini utupa una siri inayowaangusha watu. Watafiti waliochunguza utupa wa wakulima nchini Malawi walieleza mwaka 2012 kwamba mmea huu upo wa aina mbili kikemia. Mmoja una rotenoni na jamaa zake. Wa pili hauna, nao kwa wadudu ni majani tu. Kwa macho huwezi kuwatenganisha. Mkulima mmoja anapewa mbegu na shemeji yake, anafanikiwa. Mwingine anapewa na rafiki, anafuata vipimo vyote, anaambulia patupu, kisha anaambiwa hakufuata maelekezo. Kama unaanza, loweka majani ya kichaka chako, chovya jani lenye vidukari, weka kwenye chupa na utazame kwa siku mbili. Kichaka kinachoua ndicho cha kuchukua mbegu.

Hapa sina budi kusema kwa uzito. Neno "asili" limewafanya watu wavue tahadhari. Rotenoni ni sumu kali kwa samaki hata kwa kiasi kidogo sana, na kuvua samaki kwa sumu ni kosa la jinai Tanzania. Mto Zigi unateremka kutoka Usambara Mashariki na kuingia bwawa la Mabayani, ambako ndiko Tanga mjini tunakopata maji ya bomba. Anayeosha bomba lake la utupa kwenye kijito huko juu anaosha kwenye ndoo yangu. Mwaka 2000 watafiti nchini Marekani walionyesha kwamba panya waliotiwa rotenoni mwilini kwa muda walipata dalili kama za ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka. Hilo halina maana kwamba mkulima anayepulizia maji ya utupa atatetemeka, lakini linatosha kumfanya avae glavu, afunike pua na mdomo, na asitwange majani makavu ndani ya chumba kilichofungwa.

Tumbaku naisema kwa ufupi: usiitumie. Nikotini inapenya kwenye ngozi, na mtu aliyelowa mgongo na maji ya tumbaku kutoka kwenye bomba linalovuja anaweza kutapika na kuzirai. Isitoshe, majani ya tumbaku hubeba virusi vya ugonjwa wa batobato, ambavyo vinahamia kwa urahisi kwenye nyanya, pilipili na biringanya, maana zote ni ukoo mmoja. Unafukuza vidukari unakaribisha ugonjwa usio na dawa. Pilipili kichaa na kitunguu saumu vinafukuza kwa harufu na mwasho, vinasaidia kidogo, na vinaisha haraka. Sina ugomvi navyo.

Pareto ni habari nyingine. Haioti huku pwani, inataka baridi ya nyanda za juu kama Iringa, lakini kila mtu wa Tanga analala chini ya kitukuu chake. Maua yake yana pirethrini, zinazopiga mishipa ya fahamu ya mdudu mpaka anaanguka papo hapo. Mwaka 1924 wanakemia Staudinger na Ružička walichapisha walichokigundua kuhusu muundo wake. Shida yake ilikuwa ile ile ya mwarobaini: jua linaimaliza ndani ya saa chache. Mwaka 1940 nchini Marekani ilibainika kwamba mafuta ya ufuta, ambayo yenyewe hayaui mdudu, yanaipa pareto nguvu zaidi yakichanganywa nayo. Hatimaye mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake huko Rothamsted, Uingereza, walitengeneza pamethrini, nakala ya pirethrini iliyobadilishwa ili ivumilie jua. Ndugu za pamethrini ndizo zilizo kwenye vyandarua vyenye dawa na kwenye chupa nyingi za duka la pembejeo. Kwa hiyo ukuta tunaoujenga kati ya "dawa ya mti" na "dawa ya dukani" ni mwembamba kuliko tunavyodhani. Kilichobadilika zaidi ni muda wa kukaa: ya ua inaondoka jioni, ya maabara inabaki siku nyingi na kuendelea kuua kila kinachopita, hata nyuki.

Vizazi arobaini

Wadudu wanazoea dawa. Kila mkulima wa nyanya anajua chupa iliyokuwa ikiua miaka mitatu iliyopita na sasa inawaosha tu. Je, mwarobaini nao watauzoea?

Huko Canada, watafiti Feng na Murray Isman walichapisha mwaka 1995 jaribio ambalo nalipenda sana. Walifuga vidukari katika makundi. Kundi moja lilipuliziwa azadiraktini tupu, iliyosafishwa. Jingine lilipuliziwa maji ya mbegu za mwarobaini kama yalivyo, yenye kiasi kile kile cha azadiraktini. Baada ya vizazi 40, vidukari wa azadiraktini tupu walikuwa wamejenga ukinzani mara 9. Wale wa maji ya mbegu hawakuwa na ukinzani wowote. Arobaini, kama jina la mti wenyewe.

Maelezo yake ni kwamba ndani ya mbegu kuna vitu vingi vinavyofanya kazi pamoja, na mdudu akipata njia ya kukiepuka kimoja anakutana na kingine. Huku kutosafishwa, ambako wengi hukuona ni uduni wa dawa ya kinu na mchi, ndiko kunakoilinda isichakae.

Na kuna wadudu tunaotaka wabaki. Vile vidudu vyekundu vya mviringo vyenye madoa meusi mgongoni vinakula vidukari kutwa nzima, na buibui wanafanya kazi ambayo hatuwalipi. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao walipima mimea ya pembezoni mwa mashamba ya maharage kaskazini mwa nchi, ukiwemo utupa, alizeti mwitu na kishona nguo, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Mavuno yalilingana na ya dawa ya viwandani, na wadudu rafiki walibaki wengi zaidi. Ukiua buibui na vile vidudu vyekundu, vidukari wanaorudi wanakuta uwanja mtupu.

Kuna mahali ambapo haya yote hayafiki. Kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo anayeharibu nyanya, aliyeingia nchini mwaka 2014, anaishi katikati ya tabaka mbili za jani la nyanya na ndani ya tunda. Unapulizia paa la nyumba yake. Kiwavijeshi vamizi, aliyeonekana Tanzania mwaka 2017, anajificha ndani kabisa ya moyo wa muhindi, hivyo maji ya juu juu hayamgusi. Kwake yeye wengine huchanganya unga wa mwarobaini na mchanga au pumba za mbao na kudondosha konzi ndogo moyoni mwa kila shina, mahindi yakiwa bado madogo. Na wadudu wakishalijaza shamba lote, mwarobaini hauna mbio za kuwakamata. Ni dawa ya kuanza unapoona mayai na vitundu vya kwanza. Siku hiyo mbaya ukilazimika kwenda dukani, nunua kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, usome siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na uzisubiri kweli. Usajili huo unamhusu pia anayetaka kufungasha maji ya mwarobaini na kuyauza kwa wengine.

Shangazi nilimwachia kilo moja na nusu ya viini, vya kutosha bomba mbili kamili, na kopo lenye alama ya wino. Aliloweka kwenye maji ya pipa, akapulizia jioni baada ya swala ya alasiri, akarudia siku ya sita. Siku ya nane akanipigia, safari hii hakuanza na malalamiko. "Njoo uone, kuna mmoja kavaa vichwa viwili."

Nilikwenda. Sukuma wiki ilikuwa inachipua majani mapya ya katikati, mazima, yenye vitundu viwili vitatu tu vilivyokauka kingo. Yule wa vichwa viwili alikuwa amemhifadhi kwenye kikombe cha plastiki. Upande wa pili wa bustani mashina yake machache ya nyanya yalikuwa bado na michirizi myeupe ya kantangaze, mwarobaini haukuyasaidia. Tukakaa pale chini tukiyachuma majani yenye michirizi moja moja na kuyatia kwenye mfuko wa kufunga, ili tuuanike juani viwavi waive humo humo.